Senene Mia Sita Arobaini na Mmoja

Ukuta wenyewe ulikuwa wa darasa la tano, ule unaotazama migomba, na mimi nililetwa kuuandika. Mwaka huo hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilichora mabango ya maduka, niliandika "Karibuni" kwenye milango ya migahawa, na shule zikiniita nilichora ukutani yale ambayo walimu walitaka watoto wayaone hata wakiwa wanacheza: ramani ya Tanzania, mzunguko wa maji, moyo wa binadamu. Mambo mengi ninayoyajua nimeyajua hivyo. Najua moyo una vyumba vinne kwa sababu nimevipaka rangi vyote, vyekundu na vya bluu, katika shule zisizopungua kumi.

Shuleni kwenyewe sikukaa sana. Niliishia darasa la sita kule Izimbya, na wala hakuna habari ya kusikitisha hapo. Lori la ndizi lilisimama karibu na uwanja wetu, dereva akauliza ni nani anaijua njia ya kwenda Muleba. Nikasema mimi. Sikuijua. Tangu siku hiyo nimelala sehemu nyingi, zikiwemo kambi za wavuvi visiwani ambako nilibeba mizigo ya dagaa miaka miwili, na wakati huu ninaousimulia nilikuwa nimepanga chumba Kitendaguro, kwa mama mmoja mjane asiyependa watu wanaorudi na viatu vya matope.

Shule yenye ukuta ilikuwa Ijumbi. Mwalimu wa Kiingereza, binti wa hapo hapo kijijini, alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono. Ilikuwa na safu mbili. Kushoto nomino zinazohesabika, kulia zisizohesabika. Alitaka zikae ukutani kwa herufi kubwa, kila neno na picha yake pembeni. Kitabu, mti, ndizi, mtoto, kushoto. Maji, mchanga, sukari, mchele, kulia. Nilianza vizuri. Siku ya pili asubuhi nilishuka kwenye ngazi nikaenda kumwita.

"Mwalimu, hapa pana kosa."

"Wapi?"

"Hili neno hapa, *luggage*. Jana uliniambia ni mizigo, na umeiweka huku kwa visivyohesabika."

"Ndiyo. Haihesabiki."

"Mimi nimebeba mizigo miaka miwili. Kila mmoja niliuhesabu kwa shingo hii."

"Fundi, wewe andika."

Niliandika, lakini nilipofika kwenye fanicha nilishuka tena. Yeye alikuwa anasahihisha madaftari chini ya dirisha, na nadhani alikuwa ameshanisikia nikikanyaga ngazi.

"Kiti kinahesabika?"

"Kinahesabika."

"Meza?"

"Inahesabika."

"Kabati?"

"Linahesabika, fundi."

"Ukivichukua vyote ukaviingiza chumba kimoja?"

"Hapo ni fanicha. Haihesabiki."

"Sasa mwalimu, pale mlangoni kinatokea nini?"

Alicheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Akaweka kalamu chini, akaanza kunieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto. Kwamba Kiingereza kina vitu kinavyoviona kimoja kimoja na vitu kinavyoviona kwa pamoja, kama vile mtu anavyotazama mto. Ukitazama mto huoni tone moja moja. Kwamba ukitaka kuhesabu kitu cha aina ya pili lazima kwanza ukitie kwenye kitu kingine: glasi ya maji, gunia la mchele, kipande cha fanicha. Unachohesabu ni glasi, wala si maji. Nikamwambia hiyo naijua, ndiyo kazi ya soko la Bukoba toka asubuhi hadi jioni. Hakuna anayeuza dagaa mmoja mmoja. Unauziwa kopo, unauziwa sado, unauziwa ndoo.

"Basi umeelewa," akasema.

Sikuwa nimeelewa, au tuseme nilikuwa nimeelewa kiasi cha kunipa hamu ya kuuliza zaidi. Niliuliza kwa nini ushauri hauhesabiki. Akasema kwa Waingereza ushauri ni kama uji, unaweza kupewa mwingi au kidogo, lakini huwezi kupewa mmoja. Hilo nilikubali mara moja, kwa sababu bibi yangu aliyenilea Izimbya hajawahi kunipa ushauri mmoja. Niliuliza nywele. Akasema za kichwani hazihesabiki, ila ukiukuta mmoja kwenye mchuzi wako unahesabika. Hilo nalo nilikubali. Nikamwambia Kiswahili nacho kina wazimu wake: maji ni haya, maziwa haya, mafuta haya, yote yako kwenye wingi hata yakiwa tone moja, halafu mchele wenye punje elfu ni mchele huu, kama mtu mmoja amekaa kwenye gunia. Akasema hajawahi kulifikiria hilo, na amesoma chuo. Siku hiyo nilipaka rangi nikiimba.

Samaki ndiye aliyetuchelewesha. Mwalimu alisema samaki akiogelea anahesabika, ila akishakuwa mboga kwenye sahani hahesabiki. Nikauliza nimchore wapi. Akafikiri. Nikamchora sangara katikati kabisa, juu ya mstari unaotenganisha safu, kichwa kikiwa kushoto kwa wanaohesabika na mkia kulia. Akaniambia nimfute. Watoto walipotoka mapumziko wakamzunguka yule sangara, mmoja akawaeleza wenzake sababu, na akaeleza sawasawa. Mwalimu akasema mwache.

Kazi ya siku sita niliifanya kwa wiki tatu. Mwalimu mkuu alidhani rangi ndiyo mbovu.

Mwishoni mwa wiki ya tatu mvua zilikuwa zimekolea na senene walikuwa wameanza. Sisi wa Kagera hatuhitaji kuelezwa senene, lakini kama unasoma ukiwa mbali, ni panzi wa kijani au kahawia wanaokuja na mvua. Tunawanyonyoa mabawa na miguu, tunawakaanga kwa chumvi, na mtu aliyekuwa na hasira tangu Agosti unaona anatabasamu. Kwenye orodha ya mwalimu wadudu walikuwa kushoto, pamoja na vitu vinavyohesabika. Nikamwambia wadudu sawa, lakini senene ni upande wa kulia.

"Senene ni mdudu."

"Umewahi kumsikia mtu akisema nimekula senene saba?"

"Ana miguu, fundi. Chenye miguu kinahesabika."

"Na ukishamnyonyoa miguu?"

"Wewe," akasema, na kunirushia chaki. Kisha akageuka kutazama migomba. "Baba yangu anawapenda sana. Kama una nia kweli, njoo Jumamosi. Usilete soda wala biskuti. Lete senene."

Hapo nilishuka kwenye ngazi. Tulikuwa tumeshazungumza, mimi na yeye, njiani jioni nikimsindikiza hadi kwenye shamba lao la kahawa, lakini nyumbani sikuwa nimefika. Na nilijua habari za baba yake. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na kabla ya kustaafu alikuwa mpimaji kahawa kwenye chama cha ushirika. Mwaka uliopita alikuwa amemkataa mchumba mwenye diploma kwa sababu alimkatisha mtu maneno mara mbili. Kuhusu mimi alikuwa ameshasema neno lake: hawezi kumwachia binti yake mtu wa kuhamahama. Binti alikuwa amemsihi anione kwanza. Mzee akakubali kuniona mara moja, Jumamosi hiyo, na jibu atakalotoa hatalibadilisha. Mwalimu aliniambia yote haya kwa sauti ya kawaida, lakini kona ya kitambaa chake ilikuwa imejikunja mkononi mpaka ikawa kamba.

Ijumaa nilikwenda soko la Bukoba nikanunua senene wabichi makopo matatu makubwa, wamejazwa mpaka wanatambaa juu ya vidole vya muuzaji. Nikarudi Kitendaguro, nikakaa kizingitini, nikaanza kunyonyoa. Kwetu kazi hiyo ni ya wanawake, na mama mwenye nyumba alipita mara tatu bila sababu ili anione vizuri.

"Yaani kweli mwanaume amekaa ananyonyoa senene."

"Nakwenda ugenini kesho, mama."

"Nami nimekuona. Na midomo inacheza. Unasali rozari? Sisi Walutheri hatuna rozari."

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Senene."

Alinitazama kwa muda, akaenda jikoni, na nikamsikia akimwambia sufuria kwamba upweke ni kitu kibaya.

Sababu yangu ilionekana nzuri sana siku ile. Nilitaka kumpa mwalimu zawadi ambayo hakuna mwenye diploma angeifikiria. Alikuwa amesema senene anahesabika, nami nilikuwa nimebisha wiki nzima. Basi nitafika kwao, na nitamtajia idadi kamili, na yeye peke yake ndiye atakayejua kwamba maana yake ni: ulikuwa sahihi, nimekubali. Kila nikifika kumi niliweka punje ya haragwe pembeni. Jua lilipoanza kwenda nilikuwa na maharage sitini na manne na senene mmoja wa ziada. Mama mwenye nyumba alinionea huruma akanikaangia, wakatoka wekundu, wanang'aa kwa mafuta yao wenyewe. Nikawafunga kwenye majani makavu ya mgomba.

Jumamosi nilifika Ijumbi mchana, shati limenyooka, viatu safi hadi kwenye kona ya mwisho, ambapo nilikanyaga dimbwi. Sebule ilikuwa na mzee kwenye kiti chake, dada yake mkubwa kwenye mkeka, yaani shangazi wa mwalimu, mama mwenye mwili na macho ya kuona kila kitu, na mwalimu mwenyewe amepiga magoti mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Niliamkia. Niliulizwa habari za Izimbya, habari za bibi, habari za mvua, na nilijibu bila kumkatisha mtu. Mambo yalikuwa yanakwenda. Nikatoa kifurushi changu kwa mikono miwili.

"Nimewaletea senene, mzee."

"Ahsante sana, kijana. Umefanya vizuri."

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilimtazama mwalimu, nikavuta pumzi, nikasema:

"Ni mia sita arobaini na mmoja."

Hata kuku aliyekuwa anaingia alisimama mlangoni.

"Waitu," shangazi akashangaa taratibu, kwa Kihaya. "Amewahesabu."

"Ndiyo, shangazi. Mmoja mmoja."

"Amewahesabu!" Sasa aliwaambia majirani wote. "Yaani tukila, atajua tumekula wangapi! Na tukibakiza atajua! Kaka, umeletewa chakula au umekabidhiwa ghala?"

Nilimwona mwalimu akifumba macho. Na hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu, mwanamke ambaye akimchotea jirani maharage hugeuza uso pembeni, ili hata macho yake yasijue amechota kiasi gani. Nililelewa hivyo. Chakula cha zawadi hakitajwi idadi, mkungu unauacha mlangoni kwa mtu na kuzungumzia mvua. Lakini miaka miwili ya visiwani ilikuwa imenifundisha kinyume. Kule watu wametoka kila pembe, hawajuani, na ukimpa mtu samaki bila kumtajia ni sita, kesho atasikika akisema alipewa wanne. Kule kutaja idadi ndiyo heshima. Nilikuwa nimeleta heshima ya kisiwani kwenye sebule ya Wahaya, na hakuna aliyeitambua.

Mzee hakukasirika, na hiyo ilinitisha zaidi. Alivaa miwani.

"Leteni ungo," akasema.

"Kaka, unataka kufanya nini?"

"Miaka yote niliyopima kahawa, mtu akinitajia uzito, naweka kwenye mizani. Huyu ametaja idadi. Anayepokea lazima ahakiki."

Basi alihakiki. Sijawahi kuona alasiri ndefu namna ile. Aliwamwaga kwenye ungo juu ya mapaja yake, akawa anawapanga kumi kumi kwenye gazeti kuukuu, kwa vidole vikavu vya mtu asiyekosea. Shangazi alijifanya hatazami, lakini kila kaka yake alipofika mia alitikisa kichwa. Mwalimu alibaki amepiga magoti na jagi lake. Niliwaza kuhusu mambo mengi, likiwemo lori la ndizi.

Alipomaliza aliivua miwani.

"Mia tano themanini na wanane."

Akaifuta miwani kwa pindo la shati.

"Umesema mia sita arobaini na mmoja. Hamsini na watatu hawapo." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Kijana, binti yangu aliniambia wewe ni mtu wa maswali mengi. Leo nina swali moja mimi. Hukujua kuhesabu, au uliongeza ili uonekane?"

Nilihisi mwalimu ananitazama. Kuna kusema mengi na kuna kusema ukweli, na mimi kwa kawaida huanza na yale mengi. Safari hii nilishindwa kuyapata.

"Nilihesabu sawasawa, mzee. Wamepungua njiani."

"Njiani wameruka? Wamekaangwa."

"Dereva wa bodaboda alisikia harufu. Akasema kaka, hao ni wa mwaka huu? Nikamfungulia. Pale njia panda tukawakuta kina mama wawili wamekaa na mizigo yao wanangoja gari. Wakatazama. Nikawaambia karibuni."

"Uliwapa wangapi?"

"Sijui, mzee."

"Hukuwahesabu?"

"Mzee, mtu ameshatia mkono anachota, utamhesabiaje?"

Shangazi alipiga paja lake kofi lililomrudisha kuku nje. "Haya! Sasa nimesikia mtoto wa watu! Kumbe anajua! Amelelewa, ila mdomo ndio haujalelewa!"

Mzee bado alikuwa ananitazama. "Kina mama hao, unawafahamu?"

"Siwafahamu."

"Na ulijua hawa ni wa kuja kwangu. Na umekaa siku nzima kuwahesabu."

"Nilijua."

Mzee akavuruga zile kumi kumi zake zote kwa kiganja, akazirudisha kwenye ungo, akachota konzi, akaanza kula. Alitafuna bila haraka. Akamsogezea dada yake ungo, dada yake akachota bila kuangalia. Halafu akamwambia binti yake ainuke, magoti yatamuuma, na alete sahani.

"Wazee wako waje," aliniambia. "Baada ya wiki mbili, Jumamosi kama leo. Waje wazungumze na sisi." Nilifungua kinywa kushukuru, akainua kidole. "Nao wakija, wewe ukae kimya."

Mwalimu alinisindikiza mpaka kwenye mibuni yao. Nilitegemea atanilaumu. Alikwenda hatua nyingi, mabega yanatikisika, na nikadhani analia, mpaka aliposhindwa kujizuia akashika mti.

"Mia sita arobaini na mmoja!"

"Nilitaka kukupa wewe."

"Najua. Nimeelewa ulipovuta pumzi tu. Nilitamani ukohoe."

Wazee wangu walikuja: bibi, na baba yangu mdogo ambaye ndiye msemaji katika ukoo wetu, mtu anayeweza kuuza jiwe akalisifia kwamba ni laini. Nilikaa nyuma yao kwenye mkeka, mikono kwenye mapaja. Baba mdogo alianza kwa kuwaeleza wenyeji mimi ni nani. Aliwaambia nimetulia sana, kwamba tangu utotoni sikuwa mtu wa kutembea. Nikanyamaza. Aliwaambia shamba la Izimbya lina mibuni mingi inayonisubiri mimi tu. Naijua mibuni hiyo, mingine ni miti ya kivuli. Nikanyamaza. Akasema kijana ana miaka ishirini na tisa.

Nina thelathini na mbili.

Mzee aligeuka akanitazama, polepole, miwani ikiwa imeshuka puani. Alikuwa na karatasi ya kanisa yenye tarehe yangu ya ubatizo, nilimpa mwenyewe wiki iliyotangulia. Sebule nzima ilingoja. Maswali mawili na sahihisho moja vilikuwa vimepanda hadi kwenye meno yangu. Nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikavitazama vizuri sana.

Mzee akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akamgeukia baba mdogo.

"Endelea, mwenzangu," akasema. "Tunakusikiliza."